Chafya za Dengu

Rahaleo, 3 Juni 2024

Wifi Salma,

Assalaam alaykum. Natumaini hamjambo. Mimi mzima, ila nyumba yako imenichosha. Simu zangu hupokei, basi soma.

Mama ameniletea salamu kwa mtu kuwa paka wake, Dengu, anapiga chafya kutwa kucha. Kaka yangu Shafii kaoa mwanamke gani, uchafu wake unaonekana hadi puani mwa paka? Eti na miguu yake ni ya manjano. Hiyo bizari unaimwagaje huko jikoni?

Na yale magunia yangu ya salfa ya kupulizia mikorosho yabaki uvunguni mwa kitanda cha mama, nilimoyaweka mwenyewe. Usiyaguse. Nakujua.

Wifi yako,
Mwanaidi


Nanyamba, 8 Juni 2024

Wifi Mwanaidi,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, ahsante kwa maneno matamu.

Salfa yako sijagusa wala sitagusa. Mwaka jana ulikosa gunia moja ukanitangaza kijiji kizima kuwa mwizi, kumbe uliliacha mwenyewe dukani kwa Faraji. Hujaniomba radhi mpaka leo. Bizari nayo sina, wiki ya pili hii tunakula chukuchuku.

Kwa kuwa kwangu kuchafu, paka huyo anakuja na gari la asubuhi, yumo kapuni. Kaa naye wewe msafi.

Wifi yako,
Salma


Rahaleo, 14 Juni 2024

Wifi,

U hali gani? Mama je?

Siku ya kwanza Dengu alipiga chafya mpaka jirani akaja kutoa pole. Siku ya tatu, kimya. Nilifurahi, nikasema leo nimekukamata! Nikampeleka kwa daktari wa mifugo ili anipe ushahidi wa uchafu wako. Akapangusa manyoya yake, akanusa kidole. "Bizari gani, mama? Hii ni salfa. Inachoma pua na kifua. Alikuwa analala nayo?"

Nimekupigia mara nane. Wifi, mama bado analala chumba kile? Nijibu, nakuomba.

Mwanaidi


Nanyamba, 17 Juni 2024

Wifi Mwanaidi,

Alhamdulillahi, hatujambo. Simu zako niliziona.

Dengu aliondoka, chafya ikabaki. Sasa mwenye kuipiga akawa mama, na kifua kinambana. Nikainama uvunguni, nikakuta gunia moja limeraruliwa kwa kucha, unga wa manjano umefika hadi kwenye shuka. Tangu Jumatatu iliyopita mama analala kitandani kwangu, mimi na Shafii tuko mkekani. Sasa anapumua vizuri.

Kwa nini sikukwambia? Ungesema nilikuwa nachungulia ili niibe.

Magunia sijayagusa, kama ulivyoagiza. Chumba nimekifunga, kinakungoja. Njoo na ufagio wako.

Mama amemuulizia Dengu, kama anakula vizuri. Wewe hakukuulizia.

Wifi yako mchafu,
Salma