Kozi Niliyokuchagulia

Mtawanya,
Mtwara.
Jumapili, 17 Novemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Somoe,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile koo lililokusumbua tangu ufike Dodoma limepona. Kama baridi ya asubuhi bado inakutesa, jifunge kanga shingoni ukienda darasani, usione haya. Sisi huku hatujambo. Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, watu wakakimbizana kuanua korosho. Mguu wa bibi yako umetulia. Anakwenda hadi kwa jirani na kurudi bila kusindikizwa.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nimempa Magreth, mwalimu mwenzangu, anayesafiri kwao Dodoma kwa arusi ya mdogo wake. Sababu ya kuandika utaiona mbele.

Nianze na ulichoniuliza. Jumanne ulipopiga simu ulisema, “Mjomba, hii kozi ya kompyuta inakwendaje huko mbele? Nijiandae na nini?” Nikajifanya mtandao unakatika. Ukweli ni kwamba sikujua. Mimi nafundisha Kiswahili darasa la tano; kompyuta naijua kwa kuwasha na kuzima. Kesho yake nikaenda Likombe kwa Yustina, binti wa mzee Anold wa bandarini. Alimaliza shahada hiyo hiyo miaka minne iliyopita, na sasa anasimamia kompyuta za ofisi moja mjini.

Alinikaribisha barazani, nikatoa daftari kama mwanafunzi. Alisema kwanza ujue hutafundishwa kutengeneza kompyuta. Ukirudi likizo watu watakuletea simu zilizokufa, nawe hutajua pa kuanzia, usijione mjinga. Mwaka wa kwanza ni hesabu nyingi, za mantiki na nyingine ulizoziona kidato cha sita, halafu kuandika programu, yaani kuielekeza kompyuta hatua kwa hatua bila kuruka hata moja. Ukisahau nukta mkato tu, kazi yote inagoma. Yeye aliwahi kupoteza Jumamosi nzima akitafuta kosa, kumbe ni mabano hayakufungwa. Alilia, akaenda kuoga, akarudi, akaliona.

Utawakuta pia wenzako waliokuwa na kompyuta nyumbani tangu wadogo. Wiki za mwanzo watajibu kabla mhadhiri hajamaliza swali. “Mwambie asiwaogope,” alisema. “Wengi wanajua kubonyeza. Kufikiri tulianza wote sawa, na semista ya pili wakawa wanakuja kutuuliza sisi.” Wasichana mtakuwa wachache, kwa hiyo mtafutane mapema, msome pamoja. Lakini usinakili kazi ya mtu, maana kwenye mtihani programu huandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, na aliyenakili huumbuka hapo. Ukipata sapu, ukaambiwa urudie mtihani wa programu, usikate tamaa. Yustina mwenyewe alirudia. Laptopu ya zamani inatosha. Vipindi vya mazoezi usivikose, na uulize hata lile swali unaloliona la kijinga.

Nilikuwa naandika mbiombio. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, yeye mwenyewe aliitaka hii kozi?”

“Amechaguliwa,” nikamjibu.

“Sijauliza kama amechaguliwa.”

Nikafunga daftari. Nikamshukuru, nikaondoka chai ikiwa nusu kikombeni.

Somoe, sasa nisikilize. Mwezi wa saba ulinipa karatasi nikakuombee chuo, kwa kuwa mtandao wa kwenu Msimbati ulikuwa wa kubahatisha. Uliandika kwa mkono wako: kwanza Ualimu wa Hisabati, pili Takwimu, tatu Sayansi ya Kompyuta. Niliibeba hadi kwa Bakari, mwenye stesheneri pale mjini. Akafungua fomu, akaanza kusoma ulivyopanga. Nikamwambia aanze na kompyuta, na ualimu auweke mwisho kabisa.

Akanitazama. “Mwalimu, mbona karatasi inasema vingine?”

“Andika ninavyokuambia. Mimi ndiye mjomba wake.”

Akaandika.

Sikuwa na nia mbaya, lakini hiyo si kinga. Asubuhi ile nilikutana na Joshua, niliyemfundisha zamani. Alisimamisha gari lake, akashuka, akanishika mkono kwa mikono miwili, akauliza, “Bado uko darasa la tano, mwalimu?” Aliuliza kwa heshima zote. Mimi nikasikia dharau ambayo haikuwepo. Nikatembea hadi kwa Bakari nikihesabu miaka yangu ishirini na miwili ya chaki, nikaapa kwamba wewe hutaulizwa hivyo. Sikukumbuka kwamba umeniona nikifundisha tangu utotoni mwako, ukaujua ualimu na shida zake zote, na bado ukautaka.

Majibu yalipotoka nilikusomea kozi uliyopata. Kisha ukasema, “Mungu ndiye mpangaji, mjomba.” Nami nikaitika, “Amina.” Amina ile inaniuma kuliko fomu yenyewe. Fomu niliijaza kwa kiburi, ila Amina niliitamka huku nikijua ninachokifanya.

Nikuambie na hili, ingawa linaniaibisha. Wiki mbili zilizopita ulinipigia ukicheka, programu yako ya kwanza imekubali. Nilifurahi kama mwizi aliyeona askari wamepita. Nikajisemea, basi, imekuwa heri, hakuna haja ya kusema kitu. Lakini hiyo Jumanne, kabla hujakata simu, ulisema kwa sauti ndogo, “Labda ndiyo maana ualimu wa hisabati hawakunitaka. Labda sina kichwa cha hesabu, nilijidanganya tu.”

Hawakukukataa, Somoe. Ulipochaguliwa kwenye kozi ya kwanza, ya mwisho haikuangaliwa hata kidogo. Alama zako zilitosha. Nilizilinganisha mwenyewe na vigezo vyao, na nilijua hivyo hata siku ile nakaa mbele ya Bakari. Kichwa chako ni kizima. Aliyekuzuia ni mimi.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda Msimbati kumwambia mama yako. Alikuwa anamenya mihogo. Unajua kwetu neno la mjomba halirudishwi, na dada Hawa hajawahi kunipinga hata siku moja. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kisu chini.

“Mtoto alilia humu ndani siku tatu,” alisema. “Mimi nikamgombeza, nikamwambia anamkufuru Mungu.”

Nikainama kuokota maganda.

“Mwandikie,” akasema. “Usimpigie. Kwenye simu utamzungusha maneno, naye atakuonea huruma, aseme yamekwisha.”

Kwa hiyo naandika. Nimeuliza watu, wameniambia vyuo hutoa muda wa kuhama kozi mwanzoni mwa mwaka, na muda wenyewe ni mfupi. Ukishasoma barua hii, nenda ofisi ya udahili asubuhi inayofuata. Uliza tarehe ya mwisho, uliza kama ualimu wa hisabati bado wana nafasi, na mkopo wako utakuwaje. Ndani ya bahasha kuna barua ya pili, ya kwao. Nimeeleza nilichofanya, nikaweka jina langu, namba ya simu na sahihi. Itumie ukitaka, au ichane.

Huenda nafasi zimejaa. Zikiwa zimejaa, usimtaje Mungu katika hilo, nitaje mimi. Huenda pia umeanza kuipenda kompyuta, na ndiyo maana nimekuandikia yote aliyosema Yustina bila kupunguza. Amesema umpigie wakati wowote. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Sikuambii ubaki, sikuambii uhame. Ukitaka kujua mjomba anaonaje, jibu ni kwamba mjomba ameshaona vya kutosha.

Pale shuleni, ambako nilijitapa kwamba mpwa wangu kachagua kompyuta mwenyewe, nimewaambia walimu wenzangu ukweli. Kengele ikalia, wakachukua chaki wakaenda madarasani.

Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri na usifunge Jumatatu wakati wa mitihani. Bibi anakusalimu. Mdogo wako Mussa anauliza utarudi lini, kwani hesabu zake za sehemu zimemshinda na hataki kufundishwa na mtu mwingine. Mariamu wa jirani kajifungua mtoto wa kike.

Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akufungulie kila mlango unaougonga kwa mkono wako mwenyewe.

Sijawahi kumwomba radhi mtoto niliyemlea. Nakuomba wewe, mwanangu: nisamehe. Wala usinijibu upesi kwa kunionea huruma. Kasirika kwanza, nenda ofisini, amua yako. Mimi nitangoja, hata ukikaa kimya mwaka mzima.

Mjomba wako, anayekupenda na aliyekukosea,

Shafii