Kamera Kwenye Njia ya Mkubwa

Mto Bikin, 9 Oktoba

Binti yangu Zina,

Nina miaka themanini na mbili. Nimemzika mama yako, nimewazika kaka zangu wote, nimeizika na serikali iliyokuwa ikinunua manyoya yangu, pamoja na meneja wa ushirika aliyeapa kwamba tumbaku itaniua kabla ya hamsini. Mtu wa namna hiyo hahamishwi kwa barua.

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mimi mzima. Kikohozi ni kile kile unachokijua. Burka naye mzima, amezeeka masikio tu, tumbo bado la mbwa kijana. Je, wewe? Unakula samaki huko mjini Khabarovsk au unakula vya kopo?

Kamera yako jirani yetu Arkadi ameileta na mtumbwi, umeifunga matambara kama mtoto mchanga. Alitaka kunisomea karatasi ya maelezo. Nikamwambia kusoma najua. Akasema haya, Mzee Prokopi, soma. Nikamwambia miwani nimeiacha kibandani. Akaangalia huku na huku, akaniuliza kwani hapa tulipo ni wapi. Huyo Arkadi tangu aoe amekuwa na mdomo.

Sasa tuje kwenye neno lako. Unasema chui milia wa bonde hili wamekwisha, waliobaki ni hao wa kwenye bustani yenu ya wanyama unaowapiga picha kupitia waya. Kwanza, usimtaje hivyo kwenye barua inayokuja huku. Mwite Mkubwa, kama ulivyofundishwa. Pili, Mkubwa yupo, ni jike, anapita kilimani juu ya kibanda changu kila wiki, tunajuana kama majirani. Unasema kamera ikimpata kabla barafu ya mto haijavunjika mwisho wa baridi, hutaniambia tena habari ya kuhama. Isipompata, nije kukaa kwako. Nimekubali. Anza kutafuta mtu mwingine wa kumpa hicho chumba.

Baba yako,
Prokopi Peonka, mwindaji

*

Khabarovsk, 30 Oktoba

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi karibu na jiko na siyo juu ya paa. Arkadi aliniambia kwa simu kwamba ulipanda kuziba bomba la moshi. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na samaki nakula.

Kamera ifunge kwenye mti, usawa wa goti, iangalie njia. Itajipiga yenyewe kila kitu kikipita. Huna haja ya kuigusa wala kuikagua. Arkadi akienda huko atabadilisha kadi na kuniletea.

Unanicheka kwa hawa wa kwenye waya. Huyu jike wetu kazaliwa hapa hapa, hajawahi kukanyaga mlima. Watoto wanampigia kelele, wazazi wao wanampigia miluzi, naye anatembea kandokando ya uzio mpaka udongo umekuwa mfereji. Mimi nasubiri wageni waondoke. Juzi ilidondoka theluji ya kwanza. Akasimama, akanyanyua mguu mmoja, akautazama kama aliyekanyaga kitu cha mtu. Nilisahau kubonyeza kamera, Baba. Nikasimama tu.

Sikuandikii ili ushindwe. Chumba kina dirisha upande wa mto Amur na nimeweka kitanda kifupi, unavyopenda. Mama aliniomba nikuchukue, unajua.

Mwanao,
Zina

*

Mto Bikin, 24 Novemba

Binti yangu,

Nashukuru kwa salamu na kwa soksi. Mimi mzima kuliko mwaka jana. Mto umeganda vizuri, Arkadi anakuja na pikipiki ya theluji, anakuletea kadi hii.

Jiandae kushangaa. Kamera nimeifunga kwenye msonobari ule ambao Mkubwa anajikunia, kule kwenye kilima, si unaukumbuka, ulilia hapo ulipokuwa mdogo ukitaka kubebwa. Nakwenda huko mara kwa mara na mbao zangu za kutembelea thelujini. Arkadi anasema mtu wa umri wangu angetumia njia ya chini. Nikamwambia njia ya chini ni ya watu wanaooa wake wenye midomo.

Nyayo zipo kila mahali, pana kama sufuria. Kadi hii imejaa. Waonyeshe hao wakubwa zako wa bustani, halafu niandikie kwamba umeshindwa.

Baba yako,
Prokopi Peonka

*

Khabarovsk, 19 Desemba

Shikamoo Baba,

Pole na baridi, tumesikia huko kwenu imezidi. Huku sote wazima.

Kadi nimeifungua kazini, na wenzangu walikuwa nyuma yangu kwa sababu nilijigamba kama wewe. Baba, kadi imejaa wewe.

Wewe unakuja. Wewe unavua kofia. Wewe umeinama mbele ya kamera, pua imejaa picha nzima. Wewe umesimama unaongea na mti. Burka anakojoa. Wewe tena, siku nyingine kwa vile theluji imepanda, unavua kofia, unaongea. Kuna nguruwe mwitu mmoja, halafu wewe. Wenzangu walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Kisha mmoja akaomba picha moja aibandike ukutani kwake, ile ambayo umeshika kofia kifuani, kwa sababu anasema hajaona mtu anayeongea na kitu kisichokuwepo kwa adabu namna hiyo.

Mimi nilizipitia tena peke yangu. Picha za mwanzo umesimama wima. Za katikati umeegemea mti. Za mwisho umekaa chini kwenye theluji, mkono ubavuni, na Burka anakutazama. Unakaa muda mrefu, Baba. Kamera inaandika saa.

Hujaniandikia hilo. Unaumwa wapi? Na kwa nini unakwenda huko, wakati nilikuambia kamera inajipiga yenyewe? Ukisimama mbele yake kila mara, hata huyo Mkubwa akiwepo atakwepa harufu yako.

Mwanao anayekuomba,
Zina

*

Mto Bikin, 11 Januari

Zina,

Salamu. Mimi mzima.

Nimekuelewa, umenitegea kamera mimi. Sikujua kwamba nimelea mpelelezi.

Unauliza kwa nini nakwenda. Wewe ni Mudege, mtu wa kabila letu, au umebadilishwa huko? Unaweka jicho kwenye njia ya Mkubwa bila kumwambia? Ungependa mtu aweke jicho mlangoni kwako, uwe unatoka kuoga, hujui anayekutazama ni nani? Babu yako akikuta unyayo mbichi wa Mkubwa alikuwa anaweka bunduki chini, anavua kofia, anajitaja jina na anachotafuta. Mimi kila theluji mpya ikifuta alama zangu, narudi namweleza tena: hii ni kamera ya binti yangu, haina risasi. Kama picha zako zinaharibika, ziharibike.

Ubavu ni wangu. Kadi nyingine sitatuma.

Prokopi Peonka

*

Khabarovsk, 20 Februari

Shikamoo Baba,

Nimekuandikia mara mbili hujanijibu. Leo Arkadi ameniletea kadi mwenyewe, hadi mlangoni. Amenieleza kila kitu, usimgombeze. Anasema alisikia Burka akibweka, akafuata sauti, akakukuta kwenye kilima unashuka kwa makalio, mbao za kutembelea umezibeba begani. Anasema mbavu mbili zimepasuka na wewe unawaambia watu kwamba ulikuwa unapima mteremko. Umelala kwao na mkewe anakulisha uji, na unamsifia uji mbele ya watu. Hapo ndipo nilipoogopa kwamba hali ni mbaya.

Nimeziangalia picha. Sijamwonyesha mtu yeyote.

Unakuja, unateleza, unaanguka. Picha nyingi sana umelala ubavu, na kivuli cha mti kinasogea. Unajaribu kuinuka, unashindwa. Burka amejikunja juu ya miguu yako. Halafu Burka hayupo. Halafu nyuma ya vichaka kuna milia.

Nilifunika uso, Baba, nikiwa nyumbani kwangu, huku nikijua uko hai.

Picha inayofuata amekaa. Ni jike, mkubwa kuliko wetu mara moja na nusu, ana kovu juu ya pua. Amekaa mbali nawe kama urefu wa mtumbwi. Na wewe umesimama. Sijui umesimamaje. Kofia iko mkononi, na mdomo wako uko wazi kwenye picha zote, unaongea, naye anakutazama usoni. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona mmoja wao akimtazama mtu hivyo.

Kwa hiyo umeshinda. Picha ipo, barafu bado haijavunjika, na mimi nimesema neno langu. Sitakuomba tena uhame. Nitachukua likizo nije kukuuguza huko huko, na kila baridi nitakuja kukukatia kuni.

Naomba kitu kimoja tu. Niambie ulimwambia nini.

Mwanao,
Zina

*

Mto Bikin, 8 Machi

Binti yangu Zina,

Salamu nyingi za sikukuu yenu ya wanawake. Mbavu zinaunga. Uji wa mke wa Arkadi ni mbaya lakini yeye ni mtu mwema, usimwambie kwamba nimesema hivyo, hayo yote mawili.

Sikiliza vizuri, kwa sababu hili sijamweleza mtu, na mama yako alikufa akidhani ni ukaidi.

Mtu akikaa kwenye bonde la Mkubwa maisha yake yote, akala nyama ya huko, akachukua manyoya ya huko, haondoki kama mwizi. Anaaga. Babu yako aliaga ana kwa ana, mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma yake. Aliyeondoka bila kuaga hatulii anakokwenda. Nimewaona, wanakaa mjini kwenye viti wameelekeza uso ukutani.

Mama yako aliposema twende kwa Zina, nilikuwa tayari. Lakini nimuage nani? Wawindaji haramu walikuwa wamepita. Tangu hapo sikumwona Mkubwa kwa macho, wala unyayo mbichi, baridi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nikisema namwona kila wiki kwa sababu nikisema hayupo, bonde ni la nani? Nami ninaishi kwa nani? Nyayo pana kama sufuria nilizokuandikia zilikuwa mbili, za zamani, upepo umezipanua. Ndiyo maana nilikuwa napanda kilima kumtafuta kila theluji mpya. Kamera yako ilikuwa kisingizio kizuri.

Sasa siku ile. Nilikuwa chini, nimeshajiambia basi, mahali pazuri hapa. Burka akakimbia, mshenzi. Nikageuka nikamwona amekaa. Zina, mtu halali chini mbele ya Mkubwa. Ni aibu. Nikashika mti, nikainuka. Wewe unasema hujui nilisimamaje. Nilisimama kwa aibu.

Nikavua kofia, nikamwambia hivi: "Mimi ni Prokopi, mwana wa Yefim Peonka. Umechelewa, lakini sikulaumu. Nimekula kwako, nashukuru. Nilichochukua zaidi ya haja yangu, nisamehe. Nina binti mjini, ananiita, mama yake alishasema ndiyo. Naomba ruhusa niende."

Kisha akapumua kwa pua, kama mtu aliyechoka kusikiliza hotuba, akainuka, akapita kwenye alama za mbao zangu kwa sababu theluji ilikuwa imeshikana hapo. Mzee mwenzangu, hapotezi nguvu bure.

Kwa hiyo usije kuniuguza. Njoo kunichukua. Kushinda nimeshinda, usisahau hilo, nakuja kwa hiari yangu na si kwa mkataba. Burka anakuja. Mbao za kutembelea zinakuja. Kibanda nimempa Arkadi. Kamera nimeiacha pale pale, ila umweleze Arkadi awe anavua kofia, na kwanza ajifunze kujitaja jina bila kucheka. Kuhusu huyo jike wenu wa kwenye waya, siku ya kwanza utanipeleka asubuhi, wageni hawajaja, nijitambulishe. Ninahamia kwake sasa.

Njoo kabla mto haujavunja barafu, maana kwa mtumbwi mbavu hazitavumilia.

Ukiona watu wanabisha habari hii, Arkadi Kyalundziga alinikuta kwenye kilima na akaona nyayo za Mkubwa juu ya zangu. Mkewe alinifunga mbavu. Na Mkubwa mwenyewe alisikia kila neno, na hakukataa.

Baba yako,
Prokopi Peonka