Kochi la Mama Bado Liko Wazi

Karakana ya Viti,
Nyuma ya Duka la Rangi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Mdogo wetu alifariki Alhamisi, tarehe 20 mwezi uliopita, hapahapa karakanani. Kwa simu ulishaambiwa. Nimeona niandike mwenyewe.

Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Sisi tupo. Mama anakula akiwekewa. Mimi naamka, nafungua karakana, nakata vitambaa vya mafundi watatu, kisha nakumbuka tumebaki wawili. Kulia sijalia. Majirani wananitazama kama nina ubaya.

Ilikuwa hivi. Mama alileta kochi lake tulibadilishie sponji. Mdogo wetu akalichana, akaingiza mkono, akacheka: "Dada, kiti hiki kina mfupa." Akavuta. Basi.

Bastola yako, Kaka. Uliificha humo ulipokuwa unasafiri, risasi ikiwa tayari, bila kumwambia mtu. Mama ameikalia miaka mitatu akitazama taarifa ya habari.

Kwenye kundi la ukoo umeandika kwamba sheria mpya ya silaha inaonea raia wema, kwamba bunduki haina kosa, mwenye kosa ni mtu. Hukusema ni mtu gani. Hapa mlangoni seremala anataka zikusanywe zote. Muuza matairi anamwambia, haya, kaanze na za majambazi. Nikitoka, mmoja ananiuliza bei ya sponji. Waendelee tu. Mimi naijua moja, na ilikuwa na leseni.

Jana mpelelezi kaniita. Faili limefungwa kama ajali, na wewe umeomba bastola irudishwe nyumbani. Nikamwomba arudie kusema. Akarudia. Wewe ukikubali, itayeyushwa. Ukikataa, wa kuipokea na kutia saini ni mimi, kwa kuwa uko mbali. Nimejenga karakana hii kwa mikono yangu, kuanzia sindano moja, na sijawahi kuomba lolote kwako. Hili naomba.

Kochi bado liko wazi, halina pa kukalia. Mama hataki lishonwe wala litupwe.

Msalimie shemeji, na binti yako mkubwa mwambie shangazi kapokea pole zake. Mungu akulinde huko, kwa ulinzi ulio bora kuliko ule uliotuachia.

Maelezo sitaki. Mpelelezi ananisubiri Ijumaa saa sita mchana. Kabla ya hapo niandikie neno moja kwa simu: iyeyushwe, au irudi?

Akupendaye bado,
Dada yako, Fundi.