Chumba cha Surua, Madibira

Mjukuu wangu Atu,

Huku Iringa tu wazima, ila baridi imemfungia babu yako jikoni. Umeuliza nesi wa chanjo ataionaje kazi yake, maana mtoto asiyeugua haji kushukuru.

Nikiwa nesi kijana Madibira, msimu wa kupandikiza mpunga niliwasubiri kina mama zahanati. Hawakuja. Nikavua viatu, nikawafuata majarubani, kwenye vishamba vyao vya mpunga, na boksi langu la barafu lenye chanjo ya surua. Mama mmoja, bado ameinama, alichomoa mkono wa mwanawe kwenye kanga mgongoni.

“Mchome hapahapa, nesi.”

Nikawachanja watoto wote hivyo, topeni.

Msimu uliofuata nilifungua chumba cha wagonjwa wa surua, kilichokuwa kikijaa watoto kila mwaka. Vitanda vitupu, buibui wametanda. Nilisimama mlangoni, kisha nikajikuta nimevua viatu tena, safari hii kwa heshima.

Bibi yako