Bwana Harusi Hana Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaleta dume lake. Tunamwita Bwana Harusi – kila zizi anaalikwa yeye, na anatembea kama amekuja kuposa! Ngozi inang'aa, mpole ajabu. Kawapanda ng'ombe wetu wote wawili. Mtamba wangu nilimfungia nyuma, bado mdogo. Nimemlea kwa chupa yule tangu mama yake afe. Sina haraka naye.

Alhamisi, 10 Aprili

Ng'ombe wote wawili wanataka dume tena! Na tulishajua wameshika mimba, maana siku zao zilipita bila kumtaka. Nimekagua zizi zima. Hakuna damu. Hakuna kilichotoka. Wanakula vizuri, wananitazama tu. Kwa jirani vilevile, na kwa jirani yake – kote alikopita Bwana Harusi. Hakuna hata cha kuzika.

Jumamosi, 12 Aprili

Daktari wa mifugo kaja. Anashuku bakteria: dume anaishi nao bila kuumwa, akipanda anawaachia majike. Mimba inatunga, inafia humohumo ikiwa changa mno, mwili unainyonya. Ndiyo maana sikuona kitu! Hawa wakubwa wakipumzishwa huenda wakapona. Mtamba ndiye wa kulindwa, mwili wake haujaujua ugonjwa huu. Kachukua vipimo, kakataza dume kupanda popote.

Shemeji kacheka. Dume mzima kama huyu, mgonjwa wapi? Mume wangu kwa kaka yake huwa hana mdomo.

Jumatano, 23 Aprili

Majibu yametoka. Ni bakteria kweli.

Mama mkwe hataki kusikia. Eti mkosi uko mkononi mwangu, si ndimi ninayewakamua? Mimi! Nimelia huku naosha ndoo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mtamba kapata joto, anataka dume, mara yake ya kwanza. Analia tangu asubuhi. Nimempigia daktari aje kumpandikiza mbegu safi, kabla dume yule hajamfikia. Yuko njiani.

Bwana Harusi yuko langoni. Hakuna aliyemleta. Kakata kamba, kaja mwenyewe. Halii, hasukumi – kasimama tu, pumzi yake inapita kwenye mbao. Naogopa. Naandika nimeshikilia komeo.

Mume wangu katoka ndani. Namwambia mfunge kamba, mrudishe! Mama yake anamwambia fungua lango. Kasimama katikati, anatutazama.

Na mtamba wangu ananisukuma mgongoni. Anataka nimpishe.