Papa, Kijiji cha Shamavu Nimekiona Kwenye Ramani

Bruseli, Jumapili

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu pamoja na Mama, na kabla ya yote nauliza magoti yako: yanaendeleaje na baridi ya Kalembe? Mimi ni mzima. Huku jikoni kwenye nyumba ya wazee kazi ni ile ile, viazi visivyoisha, na wazungu wanaolalamika kwamba nazidisha chumvi.

Unakumbuka ulivyosikitika kwamba utakufa bila kusimika msalaba kwenye kaburi la babu yako Shamavu? Wakoloni waliwashusha watu wote kutoka mlimani wakakae kando ya barabara, na aliyejua kijiji cha zamani kilipokuwa hayupo tena. Basi, siku zangu za mapumziko huwa naenda kwenye maktaba moja yenye ramani za zamani za Kongo. Nilitafuta Bauma, jina la baba yako na la kijiji chetu, mpaka macho yakaniuma. Hakuna kitu. Nilikasirika, nikaona wazungu walituruka makusudi.

Nikampigia Mama. Alicheka mpaka nikaona haya.

"Weye! Wakati ya ile ramani Bauma alikuwa angali mutoto, chifu alikuwa njo baba yake. Kijiji inafuataka jina ya chifu, haujue? Tafuta Shamavu!"

Kumbe nilikuwa namtafuta mtoto kwenye kiti cha baba yake. Nikarudi, safari hii nikafuata mito, maana mto haubadilishi jina chifu akifa. Kijito chetu cha Luhanga nilikikuta, nikapanda nacho kwa kidole hadi kwenye chemchemi, na pale juu, kwa herufi ndogo: Shamavu. Papa, nililia mbele ya watu.

Picha nilimtumia Kaka Espoir. Alipanda na panga lake, akakuta mivumu mikubwa, miti ile wazee walipanda kuzunguka nyumba zao, na chini yake mawe yaliyopangwa kwa urefu wa mtu aliyelala. Anasema ulitazama picha kwenye simu yake, ukasema: "Nitapanda siku Furaha atarudia nyumbani."

Hapana, Papa. Karatasi zangu za kukaa huku bado, na sijui zitatoka lini. Magoti hayataningoja. Panda kiangazi hiki, njia ingali tulivu. Penye utelezi Kaka atakubeba, na usione aibu.

Nisalimie Shangazi anayeuza maharagwe sokoni, na katekista jirani yetu. Yeye apande nanyi aombe.

Huko juu rezo ya simu inashika. Mkishasimika msalaba nipigie, hata ikiwa saa ya kazi. Supu ya wazee iungue tu.

Binti yako anayekupenda,
Furaha