Nimekwama Nyuma ya Mkunya na Mkwe na Kuku

Jumatano. Jua kali, upepo hakuna, na mchanga umeniingia mpaka kwenye meno.

Naandika nyuma ya kalenda ya zamani niliyokuwa nimefunikia kiti, nimeiegemeza kwenye usukani. Nikifika Masasi kwenye duka la intaneti nitayachapa haya yote kama yalivyo, hata yale ya kunitia aibu. Nikifika.

Nimekwama.

Pikapu imezama mchangani kwenye njia ya mashambani, nyuma ya kijiji cha Mkunya. Magurudumu ya nyuma yamekwenda chini mpaka ekseli imelala. Huku mbele niko mimi. Kule nyuma, juu ya bodi, ameketi mama mkwe wangu, amenipa mgongo, kanga kichwani mpaka machoni. Ubavuni pake yuko kuku jike mwekundu, kafungwa miguu.

Na huko Newala hospitali mke wangu Somoe ana uchungu tangu alfajiri.

Hilo ndilo linalonichoma, si jua. Leo asubuhi nilipomfikisha wodini alinishika mkono akaniambia, "Niletee mama. Usinijibu, nenda." Mimba yetu ya kwanza ilitoka mama yake akiwa mbali, habari zikamfikia mambo yote yameshakwisha. Tangu hapo Somoe ana hofu moja tu, kwamba mama asipokuwepo mtoto hatakaa. Nimejaribu kumtoa hofu hiyo kwa maneno yote ninayoyajua. Haikutoka. Nikamuahidi kwamba kabla ya adhuhuri mama atakuwa pembeni ya kitanda.

Adhuhuri imeshapita, nimesikia adhana kwa mbali.

Huu ni msimu wa korosho, kwa hiyo mkwe alikuwa amehamia kwenye kibanda cha shambani kuokota, kama nusu ya Mkunya. Nilimpata upesi. Hakuuliza mengi, alichukua mkeka, furushi la kanga kuukuu za kumpokelea mtoto, na kuku wa supu ya mzazi, akapanda nyuma. Mimi ndiye niliyeharibu. Njia ya kawaida inazunguka, nikasema nikate katikati ya mashamba tuokoe muda. Loo! Muda wenyewe ndio huu ninaouokoa, nimekaa hapa natoka jasho.

Gari hili nililinunua Dar, mtumba wa Japani. Siku hizi milango ya biashara imefunguliwa, kila aliyeweka akiba kidogo ni mnunuzi wa korosho na ni tajiri wa magari, na mimi nikajiona sipungui kitu. Muuzaji alinionyesha kijiti cha pili pembeni ya gia, akaapa kwa Mungu kwamba ukikivuta, gari linavuta magurudumu yote manne. Leo nimekivuta. Kimetoka chote, ninacho hapa mkononi.

Kwa wasomaji wangu wachache wasio wa huku kusini, lazima nieleze jambo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Ni heshima, si ugomvi. Nikimwona njiani napita pembeni. Naye chakula changu humpa mtu aniletee. Jina lake nalijua tangu siku ya posa lakini sijawahi kulitamka, na hata hapa sitaliandika. Wazee husema mwiko huu hulegea mkishapata mtoto. Sisi hatujampata bado.

Siku zote kuna mtu wa katikati. Somoe, au shemeji, au jirani. Leo katikati yetu hakuna mtu.

Yupo kuku.

Ilianza asubuhi kule kibandani. Nilitoa shikamoo nikiwa naangalia chini, nikasikia, "Kuku, mwambie marahaba. Na umuulize mwanangu anaendeleaje." Nikadhani mama wa watu kapata wazimu. Halafu nikaona hana njia nyingine. Nikajibu, nami namtazama kuku, "Mwambie uchungu umeshika, anamwita yeye."

Tangu hapo ndiyo posta yetu.

*

Baadaye. Kivuli cha mkorosho kimesogea, sisi hatujasogea.

Nimechimba kwa mikono, nimechimba kwa kifuniko cha sufuria alichokitoa mkwe furushini akanirushia. Jeki ukiiweka inashuka yenyewe ndani ya mchanga, gari limetulia palepale. Nimepunguza upepo kwenye magurudumu. Nimevunja matawi ya mkorosho wa watu (mwenyewe nitamwomba radhi) nikayasukumia chini ya matairi. Yamesagwa.

Kisha mkeka ukaanguka miguuni kwangu kutoka juu. Mkeka mpya wa ukindu, aliousuka alalie hospitalini. "Kuku, mwambie auweke." Nikasita. "Mwambie mkeka husukwa mwingine." Nikauweka, nikawasha gari, tairi likaumeza na kuutema vipande vipande mpaka kwenye kisamvu cha jirani. Mkwe alishuka akaviokota kimoja kimoja. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imeshashiba gari.

Nimepiga kelele za kuomba msaada mpaka koo limekauka. Watu wako mbali huko wanaokota korosho zao. Simu yangu hapa haina kazi, haishiki hata nukta moja ya mtandao.

Nimewaza nimwache hapa nikimbie barabarani. Nimwache mama mtu mzima peke yake njiani, halafu nikamweleze nini Somoe? Nimewaza twende wote kwa miguu. Mkwe ana goti bovu, nimeona anavyoshuka kwenye bodi kwa kujivuta. Kila ninakogeuka nakuta ukuta.

Na muda wote huo nasikia maneno ya Somoe. Usinijibu, nenda.

*

Sasa niandike lile la aibu.

Gari lilihitaji mtu wa kusukuma na mtu wa kukanyaga mafuta. Nikizunguka kusukuma, usukani unabaki mtupu. Nilizunguka hilo gari nikikuna kichwa mpaka nikasikia kutoka juu, "Kuku, muulize, kwani kukanyaga ni kazi ngumu?"

Astaghfirullahi! Mkwe akalie kiti changu? Lakini kulikuwa na njia gani nyingine? Nikaenda kusimama mbali, nyuma ya mti, mpaka akashuka na kuingia. Kwanza alitandika kanga juu ya kiti, asikalie joto langu. Kuku akamweka kiti cha pili. Nikafundisha udereva kupitia dirisha la upande wa pili, macho yangu kwa kuku, kuku naye macho kwangu, wallahi kama mwanafunzi wa mbele darasani.

"Mwambie mguu wa kulia ni mafuta. Kidogo kidogo. Huu wa kushoto ni klachi, autoe polepole."

"Mwambie nimesikia."

Breki sikuitaja. Gari lilikuwa limekwama, nani anawaza breki?

Nikaweka bega, nikasema bismillahi, nikasukuma. Likatikisika. Likapanda. Likatoka! Likatoka kwa kishindo, mimi nikaanguka kifudifudi nikala mchanga wa kutosha. Nilipoinua kichwa, pikapu inakwenda. Inaukwepa mkorosho, inaingia kwenye mihogo, inazunguka, na mle ndani naona kanga inapepea na mabawa ya kuku yanapiga kioo.

Nikakimbia. Sikumbuki kufikiri. Niliita kwa sauti yangu yote, "Mama! Breki! Ya katikati, mama! Katikati!"

Alikanyaga ya katikati. Alikanyaga akiwa ameshafika kwenye shimo ambalo watu walichimba udongo wa kujengea, na pikapu ikainamisha pua humo taratibu kabisa, ikatulia.

Nikafika nahema, nikafungua mlango, nikamtazama. Nilimtazama usoni. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kujua kwamba Somoe amechukua macho ya mama yake. Hakuumia. Kuku hakuumia, ila alikuwa ameshachafua kiti changu. Tukatazamana hivyo, kisha wote wawili tukageuza nyuso kwa pamoja.

Nikasikia anacheka. Kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Nami nikashikwa, nikakaa chini nikacheka mpaka machozi. Yalipoanza yale machozi nikaona si ya kicheko tena. Gari limo shimoni, limelalia tumbo, matairi ya nyuma yako hewani. Mwanzo tulikuwa tumekwama. Sasa tumezikwa.

Mkwe naye akajifuta macho kwa kanga. Baadaye akasema polepole, "Kuku, mwambie asilie. Mwambie na mimi nilifika nimechelewa mara ya kwanza, na mpaka leo jambo lile linaniuma."

Sikujua. Siku zote nilidhani ni Somoe peke yake aliyebaki na jambo hilo.

*

Alasiri. Amekwenda.

Alitokea Bwana Hamisi, muuza samaki wakavu kutoka Ruvuma, na baiskeli yake. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akauliza, "Ndugu, ulikuwa unalipanda kama muhogo?" Nisingekuwa na shida ningemjibu. Akashusha kapu la samaki akaliacha kwangu, akasema atamfikisha mama barabarani, na kama hakuna gari atamfikisha Newala penyewe. Kwenye keria pana nafasi ya mtu mmoja.

Nikasema nitawafuata mbio kwa miguu. Mkwe, ambaye tayari ameshapakata furushi lake la kanga, akageuka upande wa kuku.

"Mwambie akae na gari. Chumba cha uzazi hakina kazi ya mwanamume. Gari likiachwa hapa kesho atakuta bati tupu, na hilo ndilo litakalomleta mjukuu wangu nyumbani. Na wewe kuku baki naye, asije akaanza kuongea peke yake."

Baiskeli ikaondoka inayumba mchangani. Nikabaki nimesimama katikati ya mihogo iliyolala. Ahadi niliyoitoa mimi imekwenda kutimizwa na mtu wa samaki.

Nimefunga milango. Nimefungua milango. Joto ndani halivumiliki, nje nzi wa samaki. Nikikaa nafikiri, nikisimama nafikiri. Kama amechelewa? Kama lile la mwanzo linajirudia sasa hivi, nami niko hapa nalinda bati? Nimeomba dua ninazozijua, zikaisha, nikazirudia. Sina gari, sina simu, sina habari. Ninaye kuku. Nimemfungua miguu anyooshe, nimempa maji kwenye kile kifuniko. Hakimbii. Naye kakwama vilevile.

Nimegundua naongea naye. Nimemwambia naogopa.

*

Jua linazama, bado naona kuandika.

Bwana Hamisi amerudi. Nilisikia kengele ya baiskeli nikatoka mbio nikasahau kiatu kimoja. Nyuma yake wanatembea wanaume wa Mkunya wenye majembe na kamba.

"Vipi?" nikamuuliza. "Vipi? Sema!"

Jamaa akaegesha baiskeli. Akafuta jasho. Akanipita. Akachuchumaa mbele ya kuku.

"Nisamehe ndugu," akaniambia, "nimeagizwa. Mama kanikalisha nje ya wodi, kanikaririsha maneno, kasema nikikuambia wewe moja kwa moja nimemvunjia heshima." Kisha akamgeukia kuku, akakohoa. "Kuku, shikamoo. Mama anasema alifika. Alimshika mwanawe mkono kabla ya mtoto kutoka. Mtoto wa kike, mzima, analia kupita kiasi. Mzazi mzima. Anasema wewe usichinjwe mpaka huyu bwana afike na gari. Na anasema mwambie Baba Zuhura, mama hajakasirika kuhusu mkeka."

Wale wanaume wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa palepale mchangani.

Zuhura ni jina lake yeye. Ni jina la mama mkwe wangu. Somoe kampa mtoto, na mama mwenyewe kalituma kwa mdomo wake, kwa mtu wa samaki, kwa kuku, mpaka kwangu, kwamba kuanzia leo mimi naitwa hilo.

Wameanza kuchimba. Kazi ni kubwa, wanasema pengine mpaka kesho asubuhi, na kila jembe linavyopiga wananitania kama nalima au napandikiza. Wacha wacheke. Gari bado limo shimoni, nami bado nimo hapa.

Nimekaa pembeni najaribu jina lile kwa sauti ndogo. Ulimi unakataa. Nitalitamkaje mtoto akiwa anachezea moto, akiwa anakataa kuoga, na bibi yake yuko chumba cha pili anasikia?

Zuhura.

Haya, nimeliandika. Kuku ni shahidi.